Oili, Grisi na Gundi za Gari Kuukuu: Rubavu, Faranga Ziende Wapi?

Corolla ya miaka ya 1990 inayolala Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu, hutumikia barabara mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya mjini: sokoni, ufukweni, mpakani mwa Goma, mwendo wa pole, simama-ondoka, na vumbi jeusi la mawe ya volkeno linaloingia kila penye uwazi. Ya pili ni ile ya Kigali, kilomita 155 hivi, inayopanda Bigogwe na Mukamira kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa kurudi, gari hushuka mlima wote huo mpaka Ziwa Kivu, kwenye mita 1,460 hivi. Anayenunua oili na mafuta ya breki akikumbuka barabara ya kwanza tu anajihatarisha, maana ni ile ya pili inayoua.

Msimamo wangu ni huu: kwenye gari kuukuu, oili ya injini si mahali pa kumwaga fedha nyingi. Fedha ziende kwenye breki, kisha giaboksi, kisha grisi. Gundi ije mwisho, tena kwa uangalifu mkubwa. Wengi tunafanya kinyume: tunanunua oili ya jina kubwa, halafu breki zinapewa chochote kilichobaki rafuni.

Tuanze na oili hiyo hiyo. Mbele ya kopo kuna picha ya gari la mashindano. Ligeuze usome nyuma. Utakuta alama mbili. SAE hueleza uzito wa oili, na API hueleza kiwango chake. Kwenye API, herufi S ni ya injini za petroli na C ni ya dizeli. Herufi inayofuata, kadiri inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo kiwango kinavyokuwa kipya zaidi. SF ilikuwa ya magari yaliyotengenezwa hadi 1988, na API wenyewe wameshaitangaza kuwa imepitwa na wakati. SJ inafaa magari ya 2001 kurudi nyuma, SL ilianza 2001, na SP ilitoka 2020. Kwa hiyo gari la 1996 lisipewe SF hata kama bei inavutia. Tafuta SJ, na ukipata SL au ya juu yake ni bora zaidi. Mwenye Hilux ya dizeli atafute CI-4. Oili inayopimwa kutoka kwenye pipa haina maandishi ya kusoma, na mimi siinunui.

Kuhusu uzito, usiku wa Gisenyi hauna baridi ya kugandisha chochote, kwa hiyo 15W-40 inatosha kabisa. Injini iliyochakaa hata inaweza kufurahia 20W-50. Ile 5W-30 nyepesi inayosifiwa sana ilikusudiwa injini mpya zenye nafasi finyu ndani yake. Kwenye injini yenye kilomita laki tatu itapita kwenye ringi na sili zilizolegea, utaona moshi nyuma na matone chini.

Sasa hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, weka za duka lako. Chukulia kopo la lita 4 la oili ya kawaida ni faranga 24,000, la sintetiki 60,000, na filta 5,000. Ya kawaida unaibadilisha kila kilomita 5,000, sintetiki kila 10,000. Kwa kilomita 10,000, ya kawaida inakula makopo mawili na filta mbili, faranga 58,000. Sintetiki inakula kopo moja na filta moja, 65,000. Tofauti ni ndogo, na mwenye injini nzima anaweza kuchagua atakavyo. Lakini injini kuukuu hunywa oili. Ikinywa lita moja kila kilomita 2,000, utaongeza lita tano katika kilomita hizo 10,000. Lita tano za kawaida ni 30,000, jumla inafika 88,000. Lita tano za sintetiki ni 75,000, jumla inafika 140,000. Kati ya zile 52,000 za ziada, 45,000 zinaungua na kutoka kama moshi. Afadhali zinunue gasketi ya tapeti kava na sili mpya, ili hiyo oili ibaki ndani.

Kwenye breki sikubali ubahili. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na sisi tunaishi kando ya ziwa, kwenye misimu miwili ya mvua. DOT 3 mpya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230, na yakilowa ni 155. Ukishuka kutoka Mukamira na abiria wanne na magunia ya viazi nyuma, mguu haubanduki kwenye breki, na joto la diski linasafiri mpaka kwenye mafuta. Yakichemka yanatoa mapovu. Mapovu hubonyea, mafuta hayabonyei, ndiyo maana kanyagio huzama ghafla mpaka sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Dereva anadhani breki zimekatika, kumbe mafuta yake yana miaka sita.

Tofauti ya bei kati ya DOT 3 na DOT 4 ni ndogo mno kulinganisha na kinachookolewa, na hizo mbili zinachanganyika bila madhara. Badilisha yote kila miaka miwili. Lita moja inatosha kusafisha mfumo wa gari dogo. Nunua makopo ya nusu lita, kwa sababu kopo lililofunguliwa linaendelea kunyonya unyevu hata likiwa kabatini. Angalia lisiwe DOT 5 isiyo na nukta: hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi. Wala asikudanganye mtu kuongeza oili ya injini au ya usukani kwenye breki. Mpira wa sili utavimba, na utabadilisha kila kitu kuanzia silinda kuu mpaka magurudumuni.

Giaboksi na difu havili mafuta ya aina moja, ingawa duka huwa na kopo moja tu mbele. Difu ya nyuma ya Hilux inataka GL-5, yenye dawa nyingi za kuhimili mgandamizo. Dawa hizo hizo zinaweza kula shaba ya ringi za sinkronaiza ndani ya giaboksi nyingi za zamani, ambazo zinataka GL-4. Soma kitabu cha gari kabla ya kulipa. Gia zinazokwaruza zinagharimu mara nyingi zaidi ya kopo.

Grisi ya lithiamu ya EP2 inafaa beringi za magurudumu. Kwa viungo vya shafti za mbele tafuta ile nyeusi yenye molibdeni, na ukikuta buti limepasuka lishughulikie siku hiyo hiyo, kwani vumbi la volkeno likichanganyika na grisi linasaga chuma. Kwa sababu hiyo usitie grisi wala oili kwenye matundu ya kufuli. Tia unga wa grafiti. Pini za kalipa za breki zinataka grisi ya silikoni. Kuhusu WD-40, ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma. Inafungua nati iliyokwama vizuri sana, lakini haikai muda mrefu. Bawaba ya mlango ikishafunguka, ipake grisi.

Gundi ndizo zinazotumiwa vibaya kuliko vyote. Supaglu ni ya plastiki ndogo ndani ya gari, kwa sababu inavunjika kirahisi na haipendi joto. Epoksi ya sehemu mbili, mfano Araldite, inaziba ufa wa plastiki nene au chuma kisichopata moto mkali, mradi usugue kwa msasa na kufuta grisi yote kwanza. Silikoni ya gasketi ndiyo yenye hasara ya kimyakimya: fundi anapaka nyingi, inayozidi inaingia ndani ya sampu, inakatika vipande na kuziba chujio la pampu ya oili. Mstari mwembamba unatosha, na uache ukauke saa 24 kabla ya kuwasha injini. Ile yenye harufu ya siki inaweza kuharibu sensa ya oksijeni. Kwa injini yenye sensa hiyo, chagua iliyoandikwa kuwa salama kwa sensa. Silikoni haihimili petroli, kwa hiyo isiguse tangi wala kaburita. Na hakuna gundi yoyote, ya bei yoyote, inayofaa bomba la breki au sehemu ya usukani.

Oili chafu usiimwage mtaroni. Mitaro ya Gisenyi inaishia Kivu. Iweke kwenye dumu na uipeleke garaji wanakoikusanya.

Ukaguzi wa polisi kwa gari la binafsi ni wa kila mwaka, na breki ni kati ya vinavyopimwa. Usingoje tarehe hiyo. Kama mwezi huu una faranga za kitu kimoja tu, nunua nusu lita mbili za DOT 4, mwambie fundi atoe mafuta yote ya zamani mpaka yatoke mapya, masafi, ndipo upange safari ya Kigali.