Pacha wa Kidijitali: Simu Yako na Jam ya Kesho

Umewahi kungoja mathree nusu saa kwa steji, halafu zinakuja tatu zikifuatana? Kuna teknolojia inayolenga shida kama hii: pacha wa kidijitali.

Ni nini hasa?

Ni nakala ya kitu halisi ndani ya kompyuta, iwe barabara, reli au mji mzima. Ramani ya kawaida imetulia tu, lakini pacha hupokea taarifa kila mara: basi limefika wapi, lori limekwama wapi. Wasimamizi wakitaka kufunga barabara wiki mbili, wanajaribu kwa pacha kwanza waone magari yatakimbilia wapi. Jaribio likifeli, hakuna abiria aliyechelewa kazini.

Nairobi ilianzia wapi?

Bila data hakuna pacha. Kwa miaka mingi, ruti za matatu zilikuwa vichwani mwa madereva na makanga. Kisha Chuo Kikuu cha Nairobi, vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani na kampuni ya Groupshot wakaanzisha mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu za GPS, wakarekodi ruti na steji. Mwaka wa 2014 ramani ya ruti zaidi ya 130 ikatolewa bure, na 2015 data hiyo ikaingia Google Maps.

Ni hatua kubwa, ila bado si pacha. Ramani hiyo inakuonyesha ruti inapita wapi. Haikuambii gari limefika wapi saa hii, wala kwamba mvua imenyesha na nauli imepanda.

Wewe unaingia wapi?

Simu ikiwa ndani ya gari huonyesha mwendo wa gari. Nauli ukiilipa kwa simu huacha alama ya saa na kiasi. Taarifa za watu wengi zikiunganishwa bila majina, zinaweza kuonyesha abiria wanajaa wapi na saa ngapi. Lakini zikibaki na jina lako, zinasema unalala wapi na unafanya kazi wapi.

Kwa hivyo:

- App ikiomba kujua mahali ulipo, chagua "wakati ninaitumia" tu.
- Uliza data yako inatumiwa kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki hiyo, pamoja na kuiona na kutaka makosa yarekebishwe.
- Ukikosa jibu, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Jam ikipungua tutafurahi sote. Siri zako zibaki zako.