GPS Ikikupotosha Baharini: Kagua Haya Kabla ya Kulaumu Setelaiti

Kuanzia Mtwapa hadi Malindi, sehemu kubwa ya ufuo wa kaunti yetu imezungukwa na mwamba wa matumbawe. Chombo kinachorudi kutoka bahari kuu hupitia kwenye mlango wa mwamba, na mlango huo huwa mwembamba. Mchana, nahodha huangalia rangi ya maji na mahali mawimbi yanapovunjika. Usiku, wengi siku hizi hutegemea GPS. Hapo ndipo kosa dogo kwenye mashine linapoweza kuvunja chombo na kupoteza maisha.

Mara nyingi mashine hulaumiwa bure, kwa kuwa chanzo cha tatizo huwa ni umeme, kutu, mahali ilipofungwa au mpangilio uliowekwa vibaya. Mambo haya nahodha anaweza kuyakagua mwenyewe akiwa bado bandarini. Makala haya yanaeleza utaratibu wa kufuata, kwa wavuvi na kwa mabaharia wanaofanya kazi kwenye boti za matanga zenye usukani wa kujiendesha, yaani otopailoti.

Anza na umeme

Mashine ikizima ghafla au kujiwasha upya, usikimbilie kununua nyingine. Zima umeme, kisha fuata waya kutoka kwenye betri hadi kwenye mashine. Chumvi ya bahari hula shaba na kuacha unga wa kijani kwenye maungio. Safisha, kaza na uzuie maji yasiingie. Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa fyuzi ya kiwango kilekile. Kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kukaribisha moto chomboni.

Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa haitumiki, husoma takriban volti 12.7. Ipime tena mashine ikiwa inafanya kazi. Ikiwa kwenye betri umeme ni mzuri lakini kwenye mashine umeshuka sana, tatizo liko kwenye waya. Ikiwa umeshuka kote kuwili, angalia betri yenyewe.

Ipe nafasi ya kuona mbingu

Setelaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200. Mashine huhitaji kusikia angalau nne ili itoe mahali ulipo kwa uhakika, na mawimbi yake ya redio hufika hapa yakiwa dhaifu sana. Antena iliyo chini ya paa la mabati, au mashine ya mkononi iliyofunikwa na mwili wa mshikaji, haiwezi kusikia vizuri. Iweke mahali pa wazi.

Mashine iliyokaa kabatini miezi mingi nayo huchelewa kushika setelaiti. Orodha kamili ya setelaiti huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Iwashe mapema, ungali ufuoni.

Kwa mashine za zamani, angalia pia tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu wiki 1,024 kisha huanza upya kutoka sifuri, na mara ya mwisho kufanya hivyo ilikuwa Aprili 2019. Mashine ambayo programu yake haijasasishwa huweza kuonyesha tarehe iliyorudi nyuma karibu miaka 20. Ukiona hivyo, tafuta fundi akuwekee programu mpya.

Hesabu moja, maandishi matatu

Hili ndilo kosa la hatari zaidi, kwa sababu mashine huonekana nzima kabisa. Mahali pamoja huweza kuandikwa kwa njia tatu:

- digrii 3.6250
- digrii 3, dakika 37.50
- digrii 3, dakika 37, sekunde 30

Zote tatu ni sawa. Sasa chukulia mwenzako amekupa pointi ya mlango kwa simu, akasema "tatu, thelathini na saba, hamsini." Yeye alimaanisha dakika 37.50. Wewe mashine yako imepangwa kwa sekunde, ukaingiza dakika 37 na sekunde 50. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Hivyo umeuhamisha mlango kwa zaidi ya mita 600. Mashine itakuongoza vizuri kabisa, lakini itakupeleka juu ya mwamba.

Kabla ya kupokea au kutoa pointi, ulizaneni: ni dakika zenye nukta au ni sekunde? Hakikisheni pia kuwa latitudo ina herufi S, kwa kuwa pwani yote ya Kenya iko kusini mwa ikweta. Mwisho, mashine iwe kwenye kipimo cha WGS 84. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilichorwa kwa kipimo kingine kiitwacho Arc 1960, na kuchanganya viwili hivyo huleta tofauti ya mamia ya mita.

Ili kupima mashine yako, weka pointi ukiwa kwenye gati au nanga unayoijua. Ukirudi, angalia kama inakurudisha hapohapo.

Si kila tofauti ni hitilafu

Chombo kikisimama, mshale wa mwelekeo kwenye GPS huzunguka ovyo. Hilo ni jambo la kawaida, kwa sababu GPS hujua unakoelekea kutokana na mwendo wako. Vilevile, dira huonyesha omo inakotazama, lakini GPS huonyesha chombo kinakokwenda hasa. Wakati wa kusi mkondo wa bahari kwenye pwani yetu huenda kaskazini kwa nguvu. Ukielekeza omo mashariki na GPS ikaonyesha kaskazini-mashariki, unasukumwa na mkondo. Usiitengeneze mashine. Rekebisha usukani.

Otopailoti inapoyumba

Otopailoti hufuata dira yake ya umeme. Boti ikianza kwenda mrama huku upepo umetulia, tafuta kwanza chuma au sumaku karibu na dira hiyo: spika, simu, koleo, kopo la chakula. Viondoe, kisha linganisha na dira ya mkono ukielekea kaskazini, mashariki, kusini na magharibi. Ikiwa bado vinatofautiana, fuata kitabu cha mashine kuipima upya dira hiyo mahali penye maji matulivu.

Ikiwa otopailoti hujizima upepo unapoongezeka, rudi kwenye umeme, kwani mota yake hula betri sana. Kagua pia mkanda na skrubu zinazoishika. Halafu shika usukani kwa mkono wako. Ukiwa mzito kwako, ni mzito kwa mota pia. Punguza tanga kwanza.

Kumbuka kwamba otopailoti iliyopewa pointi huenda moja kwa moja. Haioni mwamba, nyavu wala mtumbwi usio na taa. Lazima awepo mtu macho, na kila aliye chomboni ajue kitufe cha kuizima.

Ikifa ukiwa baharini

Usijaribu kuingia mlangoni usiku kwa kubahatisha. Kaa nje ya mwamba, kwenye maji yenye kina, ukitumia dira ya kawaida na bildi kupima kina, hadi kupambazuke. Simu janja pia huwa na GPS inayofanya kazi bila mtandao, mradi uwe umepakua ramani kabla ya kuondoka na simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Andika pia pointi zako muhimu kwenye daftari.

Hatari ikizidi, omba msaada kupitia redio ya VHF chaneli ya 16, ambayo ni chaneli ya dharura. Penye mtandao wa simu, piga 999 au 112. Taja pointi uliyopo, au ya mwisho uliyoisoma na saa uliyoisoma, idadi ya watu na rangi ya chombo. Vaeni jaketi za kujiokolea tangu mnapoondoka.

Kabla ya safari, acha taarifa kwa kikundi chako cha usimamizi wa ufuo (BMU): unakwenda wapi, na wangapi, na mtarudi saa ngapi. Ukihitaji maelezo zaidi, muone afisa wa uvuvi katika kaunti ndogo yako.