Ukubwa wa Eneo na Tofauti za Jamii za Bakteria: Pwani ya Kismayo na Visiwa vya Bajuni
Mwaka 1934 Baas Becking, mwanasayansi wa Uholanzi, alidai kuwa vijidudu vimo kila mahali, ila mazingira ndiyo huchagua. Kinachochagua, hata hivyo, hubadilika kulingana na ukubwa wa eneo. Katika tope la mikoko ya Burgabo, milimita chache hutenganisha bakteria wanaotumia oksijeni na wanaotumia salfeti. Katika kilomita kadhaa, chumvi hutawala: mlango wa Mto Juba haufanani na Koyama wala Chula. Katika mamia ya kilomita, kusi huupeleka mkondo wa Somalia kaskazini, na kaskazi huurudisha kusini. Kwa hiyo, usalama wa kisima kimoja si ushahidi wa usalama wa visima vya kisiwa jirani.