Mlangoni kwa konokono

Asubuhi, Ziwa Tanganyika likiwa limetulia, nenda ufukweni Kajaga, nje kidogo ya jiji la Bujumbura. Chota mchanga pale mawimbi ya usiku yalipoishia, uupepete kama unavyopepeta mchele. Baada ya majani na vijiti kuondoka, kwenye ungo yatabaki maganda ya konokono: mengine makubwa kama dole gumba, mengine madogo kuliko punje ya mchele. Kila ganda lilikuwa nyumba ya mtu. Nani?

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Sisi wenye kazi ya kutambua konokono huanza kwa kuwakaidi, kwani mlango ndiyo sehemu ya kwanza tunayoitazama. Shika ganda, ncha yake ikiwa juu na mlango umekuelekea. Kisha uliza maswali matatu.

La kwanza: mlango uko upande gani? Konokono wengi huuweka kulia. Ukiuona kushoto, kuwa mwangalifu, kwa maana huenda umemshika Bulinus, ambaye katika sehemu nyingi za Afrika hubeba vijidudu vya kichocho cha mkojo. Ndugu yake Biomphalaria hana hata ncha ya kushikia, maana ganda lake limejiviringa bapa kama kamba iliyokunjwa sakafuni. Huyo ndiye anayeeneza kichocho cha tumbo, ugonjwa unaojulikana vizuri na wakazi wa uwanda wa Rusizi. Hupenda maji yaliyotulia penye majani: mifereji, madimbwi, kingo zisizopigwa na mawimbi. Ukimkuta hai, mwokote kwa kijiko, wala usiingize mkono majini. Vijidudu hutoka kwake vikaogelea, vikapenya ngozi ya mtu.

La pili: mlango una kifuniko? Mguso mdogo tu, naye konokono hai hujirudisha ndani. Wengine huacha mlango wazi, wengine huufunga kwa kigae kigumu kilichoota juu ya mguu wao. Bulinus na Biomphalaria hawana kifuniko, na konokono wengi wa nchi kavu vilevile. Wale walio fahari ya Tanganyika, kama Lavigeria, Spekia na Neothauma, wanacho. Ila swali hili huulizwa aliye hai. Ganda tupu la ufukweni limekwisha kupoteza kifuniko chake, hivyo kutokiona si ushahidi.

La tatu: mlango una meno? Hapa ndipo wanapojulikana Gulella, konokono wa nchi kavu wenye spishi nyingi sana Afrika Mashariki. Wengi wao wana urefu wa milimita chache tu, weupe, wenye umbo la pipa jembamba, na huishi chini ya majani yaliyooza. Usidanganywe na udogo huo, kwa kuwa hula konokono wenzao. Meno ninayoyasema si ya kutafunia. Ni vinundu vya ganda lenyewe vinavyoubana mlango. Kwa lenzi ya kukuza mara kumi, hesabu vinundu hivyo na uandike kila kimoja kilipo, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo spishi moja inapotengana na jirani yake. Lakini hakikisha kwanza kwamba mdomo wa mlango umenenepa. Aliye bado mdogo hajaota meno yake ya utu uzima, na wengi wamempa mtoto jina la ukoo usio wake.

Kwa nini tusianzie kwenye kuta, yaani rangi na nakshi? Kwa sababu kuta huongopa. Limicolaria martensiana, konokono wa nchi kavu aliyeelezwa na Edgar Smith mwaka 1880, anaweza kuwa na michirizi au kukosa michirizi, na bado akawa spishi ileile. Nakshi nazo zilimponza mtafiti J. E. S. Moore. Alipoona maganda ya Tanganyika yanafanana na ya baharini, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1903 kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale, enzi ya Jurasiki. Leo tunajua kwamba enzi hiyo ilikwisha miaka milioni 145 hivi iliyopita, ilhali ziwa linakadiriwa kuwa na miaka milioni 9 hadi 12. Konokono hao walipata sura ya bahari humuhumu ziwani.

Kisha kuna Lavigeria, ambaye mbele yake mlango nao hautoshi. Mmoja wao alipewa jina mwaka 1859 na Woodward wa London, kutokana na maganda yaliyookotwa na mpelelezi Speke alipofika ziwani mwaka 1858. Baadaye Mfaransa Bourguignat, aliyelitunga jina Lavigeria kwa heshima ya Kardinali Lavigerie, alitazama kila tofauti ya mistari na vinundu akaiona spishi mpya, akatoa majina kwa makumi. Mengi hayakudumu. Waliomfuata ilibidi waingie ndani: wakachunguza radula, ule utepe wa meno ya kukwangulia chakula, na mfuko ambamo jike huwabeba wanawe mpaka awazae wakiwa tayari na maganda. Maganda hayo ya watoto yana nakshi ambazo hazijasagwa na mchanga wala mawimbi, na husaidia kuutambua ukoo pale ganda la mama linapotatanisha.

Kwa hiyo mhenga hakukosea. Sisi tulimkatiza tu. Usemi wake una nusu ya pili: ingia ndani. Ukirudi Kajaga, usiridhike na maganda matupu. Mmoja aliye hai mtie kwenye alkoholi, na ndani ya chupa weka karatasi iliyoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe, na kama alikuwa juu ya jiwe, mchangani au penye majani. Wino wa kawaida huyeyuka katika alkoholi. Penseli hubaki, na atakayefungua chupa hiyo baadaye atajua aanzie wapi kuuliza.