Kumisi kwa injini

Kumisi kwa injini ni hali ambayo silinda moja au zaidi za injini ya gari hushindwa kuunguza mchanganyiko wa mafuta na hewa kwa wakati wake, au huuunguza nusunusu tu. Neno "kumisi" ni la gereji, na limeenea kuliko neno lolote la vitabuni. Dereva huitambua hali hii gari linapotetemeka likiwa limesimama, linaposita likikanyagwa mafuta, linapokosa nguvu mlimani au linapokunywa mafuta kupita kawaida yake. Makala hii inahusu injini za petroli.

Jinsi mtikisiko unavyotokea

Injini nyingi za magari madogo hufuata mzunguko wa mipigo minne, ambao Mjerumani Nikolaus Otto aliufanikisha mwaka 1876: kuvuta, kubana, kuunguza na kutoa moshi. Kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krankishafti. Kwa hiyo injini ya silinda nne inayozunguka mara 750 kwa dakika huwaka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kila sekunde. Silinda moja ikikosa, robo ya misukumo hiyo hupotea, na pengo lake hujirudia kama mara sita kwa sekunde. Pengo hilo husikika hata kwenye ekzosi. Hapa ndipo linapotofautiana na mtikisiko wa mpira wa kushikilia injini uliochoka: mpira ukichoka gari hutikisika, lakini mlio wa ekzosi hubaki sawasawa.

Ili silinda iwake inahitaji vitu vitatu: cheche yenye nguvu kwa wakati wake, mchanganyiko ulio sahihi (kwa uzito, sehemu 14.7 hivi za hewa kwa sehemu moja ya petroli), na mbano wa kutosha. Kila chanzo cha kumisi huangukia katika kimojawapo cha hivi.

Kutafuta chanzo

Swali la kwanza ni lini gari linamisi, na jibu lake halihitaji kifaa chochote. Likimisi baada ya mvua au baada ya kuoshwa injini, hushukiwa maji yaliyoingia kwenye mashimo ya plagi, au waya na koili zenye nyufa. Likimisi likiwa limesimama tu na kutulia likienda kasi, mara nyingi kuna hewa inayopenya kwenye mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Likimisi linapopanda mlima na mzigo, cheche ni dhaifu au pampu haifikishi mafuta ya kutosha. Chini ya mzigo mbano wa gesi ndani ya silinda huwa mkubwa, na cheche huhitaji volti nyingi zaidi kuruka.

Nchini Marekani magari mapya yamelazimika kuwa na mfumo sanifu wa kujichunguza wa OBD-II tangu yale ya mwaka 1996, na nchi nyingine zilifuata. Kompyuta ya gari hupima mwendo wa krankishafti, na ikiona imepunguza kasi pale silinda fulani ilipopaswa kusukuma, huandika namba ya hitilafu. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kadhalika. P0300 maana yake silinda hukosa bila mpangilio. Hapa wengi huingia gharama za bure. P0302 haisemi kwamba plagi imekufa, bali silinda ya pili imekosa, basi. Kwenye injini yenye koili juu ya kila plagi, jaribio la bure ni kuhamishia koili ya silinda ya pili kwenye ya tatu na ya tatu kwenye ya pili. Namba ikigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Isipohama, huhamishwa plagi kwa namna hiyohiyo.

Pasipo mashine ya kusoma namba, fundi huchomoa plagi ya umeme ya nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa inaunguruma. Silinda nzima ikizimwa, injini hudorora. Iliyokwisha kufa ikizimwa, hakuna kinachobadilika. Kuchomoa waya wa plagi kwa mkono mtupu ni jambo jingine kabisa: umeme wake unaweza kuzidi volti 20,000, na koili yenyewe huweza kuungua.

Plagi iliyofunguliwa husomeka. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi makavu meusi ni mafuta kuzidi hewa, utandu wa oili ni ringi au sili za valvu zilizochoka, na weupe uliopauka ni joto kupita kiasi au uhaba wa mafuta. Plagi yenye petroli mbichi imepata mafuta lakini haikuyawasha. Maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja nje, huenda yanapita kwenye gasketi ya silinda hedi.

Mbano hupimwa kwa geji inayofungwa kwenye tundu la plagi. Silinda ikiwa chini sana kuliko wenzake, hutiwa kijiko cha oili na kupimwa tena: kipimo kikipanda, ringi zimelika, kisipopanda, hushukiwa valvu au gasketi.

Mafuta yaliyochakachuliwa

Gari likianza kumisi muda mfupi baada ya kujazwa mafuta, hushukiwa maji au mafuta ya taa ndani ya petroli. Uchakachuaji huu ulishawishiwa na tofauti ya kodi. Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Kubadilisha plagi hapa hakusaidii mpaka tangi limwagwe.

Taa inayomweka

Taa ya injini ikiwaka tu bila kumweka, gari linaweza kufikishwa gereji kwa upole. Ikimweka, petroli isiyoungua inaingia kwenye kisafisha moshi, ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega, na kuungulia humo. Masega huweza kuyeyuka na kuziba ekzosi, na joto lake huweza kuwasha majani makavu gari likiegeshwa juu yake.