Stima ikipotea, nani huiamsha jenereta? Fahamu kidhibiti na namna ya kukitunza

Stima inapopotea usiku katika kituo cha afya, muuguzi aliye zamu hana muda wa kutafuta funguo za chumba cha jenereta. Kuna mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, analala kwenye mashine ya kumpa joto. Kuna mgonjwa wa nimonia anayepumua kwa mashine ya kuzalisha oksijeni, na mashine hiyo bila umeme haitoi chochote. Kuna friji ya chanjo, ambayo joto lake linapaswa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8. Ndiyo maana jenereta za dharura katika vituo kama hivi hutengenezwa zijiwashe zenyewe.

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Sehemu za Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta zilibaki gizani baada ya jenereta ya dharura kukosa kuwaka, na Waziri wa Uchukuzi akaomba radhi kwa umma. Jenereta ilikuwepo. Kuwa na jenereta ni jambo moja, na kuwa na jenereta itakayowaka saa inapohitajika ni jambo lingine.

Makala haya ni kwa wanakamati wa vituo vya afya, walimu wakuu, viongozi wa makanisa na misikiti, wenye mashine za kupoza maziwa au kuangulia vifaranga, na kila mkazi anayetegemea huduma hizo.

Kidhibiti hufanya kazi gani?

Kidhibiti, ambacho mafundi wengi hukiita kontrola, ni kisanduku chenye skrini ndogo na vitufe kilichofungwa kwenye paneli ya jenereta. Kazi yake ni kukesha. Hupima stima ya kawaida saa zote: volti 240 kwa laini ya fezi moja, au 415 kwa fezi tatu. Stima ikipotea au ikishuka kupita kiasi, hufuata hatua hizi:

1. Husubiri sekunde chache ili kuhakikisha si kupepesa tu kwa stima.
2. Hufungua njia ya mafuta na kuamuru stata izungushe injini. Isipowaka, hupumzika kidogo na kujaribu tena, kwa kawaida mara tatu.
3. Injini ikiwaka, huitoa stata na kusubiri mwendo utulie. Jenereta nyingi za dizeli huzunguka mara 1,500 kwa dakika.
4. Huamuru swichi ya kubadilishia umeme, yaani chenjiova, iondoe jengo kwenye laini ya Kenya Power na kuliweka kwenye jenereta.
5. Stima ikirudi, husubiri dakika kadhaa ione kama imetulia, hurudisha jengo kwenye laini, kisha huiacha injini izunguke kidogo bila mzigo ipoe ndipo huizima.

Muda huo wote kidhibiti huangalia pia presha ya oili, joto la injini na volti za betri. Kukiwa na hatari huizima injini na kuwasha taa ya onyo. Taa hiyo ikiwaka, usibonyeze kitufe cha kufuta onyo mara kwa mara ukitumaini mambo yatajirekebisha. Soma ujumbe ulio kwenye skrini, uandike, kisha umwite fundi.

Kabla ya kununua kidhibiti kipya

Jenereta isipojiwasha, wengi hulaumu kidhibiti mara moja na kutumia pesa pasipo haja. Anza na mambo haya ambayo ni rahisi kukagua:

- Kitufe cha AUTO. Mtu alifanya majaribio kwa mkono, akazima, akasahau kurudisha kwenye AUTO. Kosa hili dogo huifanya jenereta nzima kuwa pambo.
- Kitufe chekundu cha dharura. Kikiwa kimebonyezwa, injini haiwezi kuwaka hadi kiachiliwe.
- Betri. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Hata hivyo kipimo hicho peke yake hakitoshi: betri iliyochoka huweza kuonekana nzima, kisha ikaanguka stata inapovuta. Fundi aipime wakati injini inazungushwa. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, haifai kuaminiwa.
- Chaja ya betri. Jenereta inayokaa wiki nyingi bila kuwaka hutegemea chaja ya stima kujaza betri. Chaja ikifa, betri hufa kimyakimya.
- Fyuzi, nyaya na mafuta. Tafuta fyuzi iliyoungua, waya uliolegea au kuliwa na panya, valvu ya mafuta iliyofungwa, au maji kwenye dizeli.

Ikiwa haya yote ni sawa, na skrini imezima ingawa betri inafika, au kidhibiti kinaona stima imepotea lakini hakitoi amri kwa stata, hapo ndipo kidhibiti chenyewe kinashukiwa. Mara nyingi huharibiwa na radi, stima inayopanda ghafla, joto la chumba, unyevu au mtikisiko wa injini.

Kubadilisha kidhibiti

Hii si kazi ya kujaribia. Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, kazi ya kufunga nyaya za umeme hufanywa na mtu mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Omba kuiona leseni hiyo kabla kazi haijaanza. Ukisimama karibu, haya ndiyo unayopaswa kuyaona yakifanyika:

- Fundi anaandika mipangilio yote ya kidhibiti cha zamani ikiwa bado kinasomeka: muda wa kusubiri, idadi ya majaribio, viwango vya volti, presha ya oili na joto la kuzimia injini.
- Anapiga picha za nyaya na kubandika namba kwenye kila waya kabla ya kuufungua.
- Anabonyeza kitufe cha dharura, anazima chaja, anatoa waya wa hasi wa betri kwanza, na kukata stima inayofika kwenye paneli. Paneli huwa na umeme wa laini hata jenereta ikiwa imezima.
- Hafungui nyaya za pete za kupimia mkondo wakati umeme unapita. Ncha zake huweza kuwa na volti za kuua.
- Anaweka mipangilio inayolingana na injini yenu. Kidhibiti kipya hutoka kiwandani na mipangilio ya jumla. Presha ya oili ikipangwa vibaya, injini itaungua huku kidhibiti kikitazama.

Kisha majaribio: kwanza kuwasha kwa mkono bila mzigo, halafu kwa AUTO, na mwisho kukata stima yenyewe. Usitie sahihi ya kupokea kazi kabla ya jaribio hili la mwisho.

Jaribio linalosema ukweli

Vituo vingi huwasha jenereta kila wiki kwa kubonyeza kitufe, na kuandika kwenye daftari kwamba iko sawa. Jaribio hilo ni zuri, lakini linapima injini tu. Halithibitishi kwamba kidhibiti kitatambua stima imepotea, wala kwamba chenjiova itageuka. Njia ya kujua ni kukata swichi ya stima inayoingia, mahali kabla ya chenjiova, huku kidhibiti kikiwa kwenye AUTO, kisha kuhesabu sekunde hadi taa zirudi.

Ratiba rahisi ni hii:

- Kila wiki: Kagua mafuta, oili, maji ya redieta, volti za betri na kitufe cha AUTO. Washa kwa dakika chache.
- Kila mwezi: Kata stima na uache jenereta ibebe jengo kwa dakika 30 hivi, ikiwezekana kwa mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake. Injini ya dizeli inayozunguka bila mzigo kila mara hujaa masizi na mafuta yasiyoungua. Hospitalini, waarifu wauguzi kwanza na kuweka mitungi ya oksijeni tayari.
- Kila mwaka: Fundi akaze nyaya, apulize vumbi, abadilishe oili na filta, na kulinganisha mipangilio ya kidhibiti na ile iliyoandikwa. Betri ipimwe, na ibadilishwe kabla haijafa.

Usalama kwa wote

Jenereta ya AUTO huwaka bila kumpigia mtu hodi. Watoto wasicheze karibu nayo, na bango la onyo liwekwe. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua, kwa hiyo usiiweke ndani ya nyumba wala chini ya dirisha. Usiunganishe jenereta kwenye soketi ya ukutani: umeme hurudi kwenye laini na unaweza kumuua fundi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo akiamini hakuna stima.

Mkazi afanye nini?

Wakazi huwakilishwa katika kamati za vituo vya afya, na sheria ya mwaka wa 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo hivyo inaviruhusu kubaki na pesa vinavyokusanya. Hivyo betri na chaja ni mambo ambayo kamati inaweza kuyapanga katika bajeti bila kusubiri janga. Katika mkutano ujao, uliza maswali matatu: Jaribio la mwisho la kukata stima lilifanyika lini? Taa zilirudi baada ya sekunde ngapi? Betri ina umri gani?

Majibu yanapaswa kuwa kwenye daftari lililoning'inizwa mlangoni mwa chumba cha jenereta. Kama daftari halipo, jambo la kwanza ni kulinunua. Kama lipo na jaribio limeshindwa, mjulishe msimamizi wa kituo au ofisi ya msimamizi wa wadi siku hiyo hiyo. Hitilafu inayopatikana mchana, fundi akiwa amesimama hapo, hurekebishwa. Ile inayopatikana usiku wadi ikiwa gizani hulipwa na mgonjwa.