Taa Moja Ilipofifia

Hadithi hadithi! Hadithi njoo. Utamu na ukolee, lakini leo uongo ubaki nje ya mlango, maana umeme wa melini hauna utani na mtu.

Meli ya makontena ilikuwa imefunga gatini Kilindini, Mombasa, ikipakia maparachichi ya kwenda Ulaya. Parachichi haliwezi kukaa baharini wiki kadhaa bila ubaridi, kwa hiyo kila kontena lina mashine yake ya baridi, na kila mashine huchomekwa kwenye soketi ya meli yenye volti 440. Soketi ya nyumbani kwenu ina volti 240 hivi.

Huko chini, kijana mwanagenzi alikuwa mbele ya swichibodi kuu, amesimama juu ya mkeka wa raba. Akaona taa tatu ndogo: mbili zinawaka sana, moja imefifia. Fundi umeme akaingia.

"Shikamoo fundi. Taa hii inaungua, nikalete nyingine?"

"Marahaba mwanangu. Taa ni nzima. Kuna waya umegusa chuma."

Tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo meli inapoachana na nyumba. Katika nyumba iliyowekewa umeme vizuri, umeme ukivujia ardhini swichi hujikata yenyewe. Kwenye meli nyingi za volti 440 haijikati, na zimejengwa hivyo makusudi. Nyaya zake tatu za umeme haziunganishwi na chuma cha meli, ili mmoja ukikigusa kwa bahati mbaya, mashine ziendelee kufanya kazi. Hebu fikiria meli inapita katika mlango mwembamba wa bandari, halafu usukani unakosa umeme kwa sababu ya plagi moja iliyoingia maji! Basi meli inaendelea na safari, na taa iliyofifia ndiyo inayotaja waya wenye kasoro.

Sasa sikilizeni vizuri. Waya mmoja ukishagusa chuma, chuma chote cha meli kimekuwa kama waya huo: sakafu, ngazi, kuta. Ukisimama hapo ukagusa waya mwingine, umeme wa volti zote 440 unapita mwilini mwako. Na mabaharia hufanya kazi wakitoka jasho, nguo zimelowa chumvi, na ngozi iliyolowa hupitisha umeme kirahisi mno. Miliampia 10 hivi zinaweza kuubana mkono ushindwe kuachia waya. Miliampia 100 zikipita kifuani zinaweza kuuvuruga moyo ukaacha kupiga. Ni umeme kidogo sana huo; balbu ya wati 10 pekee hutumia miliampia zaidi ya 40.

Fundi hakukimbilia bisibisi. Alizima saketi moja baada ya nyingine, kijana akizikodolea macho taa. Ilipozimwa ya makontena ya mbele, zote tatu zikawaka sawasawa.

Kabla ya kupanda sitahani, fundi alitia kufuli kwenye swichi ile, akatundika kibao: USIWASHE, MTU YUKO KAZINI. Ufunguo akautia mfukoni mwake. Kijana naye akatia kufuli lake. Mimi naona hii ndiyo hatua inayookoa watu kuliko zote, kwa sababu baharia mwenzako akiona kontena limezimika anaweza kuliwasha kwa nia njema kabisa, asijue mikono yako iko wapi.

Kule juu walikuta plagi imejaa maji ya chumvi, pini zake zimeota ukijani. Fundi akavaa glavu za umeme, akachukua testa. Kwanza akaijaribu kwenye umeme uliokuwa unawaka, ikaonyesha. Kisha kwenye soketi: waya kwa waya, halafu kila waya na chuma. Haikuonyesha kitu. Akairudisha tena kwenye umeme unaowaka.

"Mbona mara mbili, fundi?"

"Kama testa imekufa, waya wenye umeme nao utaonekana umekufa."

Ndipo alipoifungua ile plagi, akaanza kuibadilisha.

"Na mtu akinaswa?" kijana akauliza.

"Usimshike, utanaswa naye. Zima swichi. Usipoifikia, msukume kwa mti mkavu, nawe usimame juu ya mkeka mkavu wa raba, si juu ya chuma. Lakini kwenye zile meli kubwa zenye umeme wa volti 6,600, usimsogelee kabisa mpaka umeme ukatwe. Ukishamtoa, angalia kama anapumua. Hapumui? Ita watu, mkandamize kifua katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka waje na mashine ya kushtua moyo. Hata akiinuka akasema yu mzima, daktari amwone, maana moyo unaweza kuyumba baadaye."